Tezo na jembe: Jinsi wachongaji na wakulima wa Pwani walivyohitajiana

KATIKA mtaa wa Changamwe, Mombasa, karibu na barabara iendayo uwanja wa ndege wa Moi, kuna mlio ambao haunyamazi tangu asubuhi hadi jioni. Si wa matatu wala si wa malori ya bandarini. Ni mlio wa tezo.

Chini ya vibanda vilivyopangana, wameketi wanaume wa rika zote, kila mmoja akiwa na kigogo chake mbele ya miguu. Huyu anatoa twiga, yule kifaru, mwingine bakuli la kuwekea matunda. Kando yao wako akina mama na vijana wakisugua kwa msasa, wakipaka nta na kung'arisha.

Hiki ni chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba wa Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru. Watalii wanaoshushwa hapo na mabasi hupenda zaidi kuingia dukani kutazama vinyago vilivyokwisha kung'arishwa. Lakini kwetu sisi wenyeji wa nchi hii, jambo lenye mafunzo zaidi liko nje, kwenye marundo ya magogo.

Magogo hayo yanatoka wapi? Nani anayauza? Yakiisha, nani atalala njaa? Maswali hayo ndiyo yaliyowafanya wachongaji wa mjini na wakulima wa mashambani, watu ambao zamani hawakuwa na shughuli pamoja, waketi meza moja na kukuza uchumi wa eneo lao.

KUTOKA WAMUNYU HADI PWANI

Kazi ya kuchonga vinyago vya kuuza haikuanzia Mombasa. Ukienda Wamunyu, katika eneo la Machakos, utatajiwa jina la Mutisya Munge. Inasimuliwa kwamba alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vya 1914 hadi 1918, na huko akawaona Wazaramo wakichonga mpingo. Akajifunza kazi ile, na aliporejea nyumbani akaanza kuchonga na kuuza.

Si kwamba Wakamba hawakujua kuchonga. Walikuwa wakitengeneza vigoda, vijiko na mipini tangu kale. Jambo geni lilikuwa kumchongea mtu asiyekujua, naye akakulipa pesa taslimu. Mwanzoni ufundi huo ulikuwa siri ya jamaa moja, lakini siri yenye faida haikai sana chunguni. Majirani waliiga, na baada ya miaka si mingi kijiji kizima kilikuwa kimeshika tezo.

Soko lilipopanuka, wachongaji waliwafuata wateja. Wengine walikwenda Nairobi, wengine Nanyuki, na wengi wakateremka Mombasa na Malindi walikojaa watalii.

Hata hivyo, mchongaji aliyekuwa peke yake alikuwa mnyonge. Mchuuzi mwenye pesa angesubiri hadi jioni, akijua kwamba mtu huyu ana watoto wanaongoja unga, kisha amnunulie kazi ya siku tatu kwa bei ya kutupa. Isitoshe, mnunuzi wa ng'ambo akiagiza vinyago elfu tano vya kiboko, vyote vya kimo kimoja, ni fundi gani angeweza kuvimaliza peke yake?

Hapo ndipo faida ya ushirika ilipoonekana. Chama kina mahali pa kufanyia kazi na duka la kuuzia. Kila mwanachama ana nambari yake, nayo huandikwa chini ya kinyago. Kinyago kikiuzwa, nambari husomwa na mwenyewe akalipwa baada ya chama kukata sehemu yake ya gharama. Agizo kubwa likija, hugawanywa miongoni mwa wanachama, kila mmoja akachonga anachokiweza.

Kwa njia hiyo, mtu ambaye hajawahi kupanda ndege aliweza kuuza kazi ya mikono yake Ulaya, Marekani na Japani.

MTI WA MIAKA MIA MOJA

Kwa muda mrefu wachongaji wa Kenya waliupenda mti mmoja kuliko yote: muhugu. Na walikuwa na sababu zao. Mbao zake ni ngumu, zina chembechembe laini, na harufu yake ni tamu. Zaidi ya hayo, gogo la muhugu linaweza kuchongwa likiwa bado bichi na lisipasuke. Kwa mtu anayetaka kuuza Ijumaa kile alichokianza Jumatatu, hilo si jambo dogo.

Lakini muhugu una dosari moja. Hukua polepole mno. Mti wa kufaa kuchongwa huweza kuchukua miaka 100 hivi. Mpingo nao hauna haraka. Mtu akiukata leo, hata akipanda mwingine papo hapo, atakayeuvuna ni kitukuu wake.

Kufikia miaka ya 1990, watafiti walikadiria kwamba kazi hii ilikuwa na wachongaji kati ya 60,000 na 80,000 nchini, na ilikuwa ikila zaidi ya miti 50,000 kwa mwaka. Vinyago vilivyouzwa nje vilikadiriwa kuingiza kiasi cha dola milioni 20 za Marekani kila mwaka. Ukihesabu wake, watoto na wazee, watu waliokula kwa tezo walifika mamia ya maelfu.

Sasa linganisha hesabu hizo na msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi. Msitu huo una ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi, na ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu yake moja imejaa mihugu, na humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, ndege ambaye hapatikani mahali pengi duniani. Msitu wa namna hiyo ungewezaje kustahimili?

Serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji wa miti ya asili katika misitu yake tangu miaka ya 1980. Lakini marufuku peke yake haimpi mtu chakula. Magogo hayakuacha kuja mjini. Yalibadilisha saa za kusafiri tu. Yaliyokuwa yakija mchana yakaanza kuja usiku, na gogo la usiku huwa na gharama zake. Mchongaji akajikuta anailipia hatari iliyobebwa na mtu mwingine, na akiwa hana uhakika kama wiki ijayo atapata mti.

Kwa hivyo, suala la miti halikuwa la wapenda ndege na maua peke yao. Lilikuwa suala la ada ya shule.

MWAROBAINI WAINGIA

Katika miaka hiyo ya 1990, wataalamu wa Makavazi ya Taifa ya Kenya wakishirikiana na mpango wa shirika la WWF, UNESCO na bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, walianza kuzungumza na wachongaji. Hawakuja na amri ya kuacha kazi. Walikuja na swali: je, hakuna mti mwingine unaoweza kuchongwa, ambao tayari umejaa mashambani na hakuna anayeulilia?

Ulikuwapo. Tena zaidi ya mmoja. Kulikuwa na miembe iliyozeeka na kuacha kuzaa, kulikuwa na jakaranda na grevilia za bara. Lakini kwa Pwani, mti uliowafaa zaidi ulikuwa mwarobaini.

Nani asiyeujua mwarobaini? Mti huu una asili ya Bara Hindi, na umeishi katika pwani yetu kwa zaidi ya miaka 100. Ulipewa jina hilo kwa kuaminiwa kuwa unatibu maradhi arobaini. Majani yake huchemshwa, vijiti vyake hupigiwa mswaki, na kuna akina mama wanaoyaweka majani makavu katika mahindi ili kuwafukuza wadudu.

Pamoja na sifa hizo, wakulima wengi wa Kilifi na Kwale waliuona kuwa msumbufu. Ndege na popo hula matunda yake na kuzidondosha mbegu popote. Mkulima alizoea kuung'oa katikati ya mahindi na minazi yake, au kuufanya kuni. Kumbe alikuwa akichoma mali!

Mwarobaini hukua haraka. Katika muda wa miaka 15 hadi 20 hivi shina lake huweza kufaa kuchongwa. Hii ina maana kwamba mzazi anayepanda mti mtoto akizaliwa, anaweza kuuvuna mtoto huyo akiwa bado shuleni.

Hata hivyo, wachongaji hawakuukimbilia kwa furaha. Walilalamika kwamba ni mwepesi, hauna harufu ya muhugu, na usipokaushwa vizuri hupasuka. Kinyago kikipasuka kikiwa kabatini kwa mteja huko Ulaya, mteja huyo harudi tena. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, nayo hayakuweza kumalizwa na mchongaji mmoja. Kukausha magogo kwa utaratibu kunahitaji mahali, muda na mtaji wa kununua miti leo na kuichonga miezi mingine. Hiyo ni kazi ya chama.

Kwa upande wao, wakulima nao walihitaji chama. Mkulima mwenye miarobaini mitatu hana nguvu ya kupatana bei na mnunuzi kutoka mjini. Lakini wakulima wengi wakiandikisha miti yao pamoja, wanaweza kusema: tuna miti kadha wa kadha, ya unene huu, na bei yetu ni hii. Wakulima wa Pwani wenye miti walijiunga pamoja, na katikati ya miaka ya 2000 miti yao na vinyago vilivyotokana nayo vikapata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha kwamba mti umevunwa bila kuharibu msitu.

Cheti kama hicho hakipatikani kwa maneno matamu. Ni lazima gogo lifuatiliwe tangu kwenye kisiki hadi dukani. Shamba hujulikana, mti huandikwa, na magogo yaliyothibitishwa hayachanganywi na mengine. Mtu mmoja tu akiingiza gogo la wizi katika rundo, wote hupoteza jina. Kwa mara ya kwanza, uaminifu wa mkulima wa Kilifi ukawa ndio chakula cha mchongaji wa Changamwe, na uaminifu wa mchongaji ukawa ndio bei ya mti wa mkulima.

SHILINGI INAVYOZUNGUKA

Wengi hudhani kwamba uchumi wa eneo hukuzwa na viwanda vikubwa peke yake. Hebu tufuate safari ya mwarobaini mmoja tuone.

Wa kwanza kupata ni mkulima, aliyeuza mti ambao zamani angeufanya kuni. Baada yake ni vijana wenye misumeno waliouangusha na kuukatakata. Kisha mwenye mkokoteni, na baada yake mwenye lori. Mjini, fundi wa tezo huutoa umbo, na mwingine huumalizia kwa kisu na patasi. Halafu gogo lililogeuka kuwa twiga huingia mikononi mwa wanaosugua msasa, wengi wao wakiwa akina mama. Baada yao ni mpaka rangi na nta, kisha mfungaji wa makasha, na mwisho karani wa duka.

Mwenye kibanda cha chai kando ya karakana hajawahi kushika tezo, lakini mandazi yake hununuliwa kwa pesa za vinyago. Fundi wa kunoa tezo naye hivyo hivyo. Duka la msasa na nta lililo barabarani, hali kadhalika. Na Desemba ikifika, basi la kwenda Machakos hujaa watu waliobeba pesa hizo hizo kuzipeleka nyumbani.

Mti huo ungeuzwa nje ukiwa gogo, watatu au wanne tu ndio wangefaidika. Ukichongwa hapa hapa, shilingi yake hupitia mikono kumi kabla haijatoka mjini. Hiyo ndiyo maana ya kukuza uchumi wa mahali.

PANAPOVUJA

Isidhaniwe kwamba mambo yote ni shwari. Kazi hii ina matundu kadhaa, na ni vyema yasemwe wazi.

La kwanza ni kumtegemea mtalii. Mgeni akiogopa, tezo hunyamaza. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii Pwani. Shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002 likafanya vivyo hivyo, kisha vurugu za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008. Mnamo Mei 2014 watalii wa Uingereza waliondolewa Mombasa kwa ndege kwa sababu za usalama, na mwaka 2020 korona ikafunga viwanja vya ndege vya dunia nzima. Katika nyakati hizo, vyama vyenye maagizo ya ng'ambo na wateja wa humu nchini vilikuwa na pa kushikia. Aliyemtegemea mpita njia peke yake alikaa mikono mitupu.

La pili ni mwanachama anayeuza kwa mlango wa nyuma. Chama kinapochelewa kumlipa, naye ana mgonjwa nyumbani, mchuuzi mwenye pesa mkononi humshinda. Ni rahisi kumlaumu, lakini dawa si lawama. Dawa ni chama kulipa upesi, na kuwa na mfuko wa akiba na mikopo wa kumwokoa mwanachama siku ya shida. Ndiyo sababu vyama vya akiba na mikopo vimekuwa nguzo ya ushirika katika nchi yetu.

La tatu ni kuigana na kukatana bei. Mmoja akibuni kinyago kipya, mwezi haupiti kabla ya kila meza kuwa nacho. Kwa kuwa vyote vinafanana, kinachobaki ni kushindana kwa bei, na wanaoshindana kwa bei huishia kufanya kazi bure. Mteja hucheka akiondoka. Watoto wa wachongaji ndio wanaolipa.

La nne ni uongozi. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1997 ilivipa vyama uhuru mkubwa wa kujiendesha. Katika sehemu nyingi nchini, uhuru huo uligeuzwa na baadhi ya viongozi kuwa ruhusa ya kula, hata sheria ikabidi irekebishwe mwaka 2004 ili usimamizi urudishwe. Ukweli ni kwamba hakuna sheria itakayomlinda mwanachama asiyehudhuria mkutano mkuu wa mwaka. Hesabu zikisomwa mbele ya viti vitupu, msomaji ndiye atakayejipigia makofi.

La tano linamhusu mkulima. Yeye ndiye aliye mbali na duka, na kwa hivyo ndiye rahisi kusahauliwa. Akilipwa kidogo, au akizungushwa kwa njoo kesho, atarudi kuufanya mwarobaini wake makaa. Na wachongaji nao watarudi kwenye magogo ya usiku. Waswahili husema kamba hukatikia pembamba.

FUNZO KWA WENGINE

Majirani wa msitu huo huo wa Arabuko-Sokoke wana mfano mwingine wa namna hii. Tangu 1993, chini ya mradi wa Kipepeo ulioko Gede, wakulima wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza buu wao kwa maonyesho ya ng'ambo. Hakuna mkulima mmoja ambaye angeweza kulitafuta soko hilo peke yake. Ofisi moja inayapokea mazao ya wote, inayapanga na kuyasafirisha kabla vipepeo hawajatoka. Msitu uliobaki umesimama umekuwa na faida kwa watu wanaoishi kando yake.

Mifano hii miwili inafundisha kwamba chama kimoja hakitoshi. Wachongaji peke yao wangechonga hadi mti wa mwisho. Wakulima peke yao wangepanda miti isiyo na mnunuzi. Wenye maduka peke yao wangeuza vinyago visivyo na jina. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake alikikosa, na faida ikapatikana pale walipokubaliana.

Leo, kaunti 6 za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, zina jumuiya yake ya kushirikiana. Ni jambo la kheri. Lakini ushirikiano wa magavana hauwezi kuchukua nafasi ya ushirikiano wa watu wanaouziana na kununuliana kila siku. Kaunti inaweza kujenga barabara, kutoa miche na kutengeneza mahali pa kukaushia mbao. Haiwezi kumfanya mtu awe mwaminifu kwa jirani yake.

Na sisi wengine tusio wachongaji wala wakulima wa miti? Tunayo sehemu yetu. Ukienda kununua kinyago au bakuli la zawadi ya harusi, usiulize bei tu. Uliza pia ni cha mti gani na umetoka wapi. Muuzaji akiulizwa swali hilo na wateja kumi kwa siku, atahakikisha ana jibu zuri la kuwapa. Usimbane bei hadi ukamtoa damu, kwani kilichokuchukua dakika mbili kukilipia kimemchukua siku mbili kukichonga.

Nawe mzazi mwenye ekari yako moja huko Kaloleni au Msambweni, kabla hujaung'oa mwarobaini uliojiotea mpakani, fikiri kidogo. Uache unyooke, upogoe matawi ya chini, na ukikata mmoja panda miwili. Waulize majirani zako wana mingapi, muandikishe yote katika kitabu kimoja na mkamtafute mnunuzi mkiwa pamoja.